Akiba ya Dizeli Kwenye Mtambo wa Gesi

Assalaamu alaykum, mabibi na mabwana. Umeme wa Unguja huvuka bahari kwa kebo, kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba. Ya 1980 ni ya megawati 45, ya 2013 ni ya megawati 100. Njia ilipokuwa moja tu, iliharibika Desemba 2009, kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010. Ndiyo maana suala la mtambo wa saa za kilele, yaani magharibi taa, feni na friji zinapovuta pamoja, halituishii.

Mtambo wa namna hiyo ni tabaini ya gesi, yaani mashine ya mapanga yanayozungushwa na moshi wa moto. Huwaka na kushika mzigo ndani ya dakika 10 hadi 30. Hula mafuta mengi: theluthi moja hivi tu ya nishati yake hugeuka umeme. Kwa saa chache jioni, inavumilika. Ila msidanganywe na kibao cha mtengenezaji. Megawati hizo zimepimwa kwenye nyuzijoto 15. Kwetu, kwenye 32, mashine ya 40 hutoa kama 35 au 36.

Uzito wa leo uko kwenye mafuta mawili: gesi ya kila siku, na dizeli ya akiba siku gesi ikikosekana. Mtambo ukiwaka kwa gesi, dizeli iliyobaki kwenye mabomba karibu na chemba ya moto huiva na kuganda kuwa mkaa mgumu. Vali ndogo za kuzuia mafuta yasirudi hunasa. Siku gesi ikikatika, chemba moja hupata dizeli, jirani yake haipati. Vipimajoto vya moshi huonyesha tofauti kubwa, mashine hujizima yenyewe, na gizani mnabaki. Anayesema "tunayo akiba" hali hajaijaribu, hana akiba.

Basi jaribuni kuhama kutoka gesi kwenda dizeli kila mwezi, mashine ikiwa na mzigo. Punguzeni mzigo hadi kiwango cha mtengenezaji, washeni pampu ya dizeli, ngojeni mabomba yajae na presha itulie, ndipo gesi ipungue taratibu dizeli ikipanda. Macho yawe kwenye vipimajoto. Mkirudi kwenye gesi, pulizeni hewa kwenye nozeli, yaani vinyunyizio, za dizeli papo hapo.

Na chumvi! Sodiamu na potasiamu kwenye dizeli zisizidi sehemu 1 kwa milioni. Zikikutana na salfa hula mapanga ya tabaini. Dizeli inayokuja kwa meli ipitishwe kwenye mashine ya kuchuja kwa mzunguko, maji ya chini ya tangi yamwagwe kabla ya kila zamu, na bomba la kunyonya lielee juu, lisiguse sakafu ya tangi.