Jiko la kuni na ukuta: usiuamini uso wake
Mhadhara uliotolewa mbele ya waashi, maseremala na mafundi wa bati, Mombasa

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mafundi, simu ziwe kimya na futi kamba zitoke mifukoni, maana leo tutapima.

Pale mlangoni nimeulizwa: Mombasa na joto lake hili, jiko la kuni lenye dohani la kazi gani? Majibu mnayo wenyewe. Kuna matanuri ya mikate, kuna mikahawa ya piza za kuni huko Nyali na Diani, kuna shule zinazopikia watoto kwa masufuria makubwa. Na kuna oda za bara. Mtu ana nyumba Limuru au Nanyuki, kule kwa baridi, ataka meko la ukutani lizungushiwe fremu ya mbao yenye nakshi kama za milango ya Mji wa Kale. Seremala wa hapa achonga, apakia kwenye lori, na hakuna aliyemwambia mbao ile itakaa umbali gani na moto.

Neno langu leo ni moja: ukuta usiuamini kwa uso wake. Uliza ndani yake mna nini, na nyuma yake kuna nini.

Jiko la chuma likishika moto halingoji kuguswa ndipo liunguze. Simama kando ya mwenye mishkaki usiku, mguu wako uko mbali na makaa na bado unausogeza. Joto hilo larushwa kwa mnururisho, lapita hewani, latua ukutani. Mbao iliyo mbali kidogo haiwaki siku hiyo, wala mwezi huo. Mbao mpya yataka takriban nyuzi 250 au zaidi ndipo ishike. Lakini ikibanikwa kila siku, yakauka hadi ndani, yageuka pole pole kuelekea mkaa, na kiwango chake cha kuwaka chashuka sana. Ndiyo maana jiko lafungwa leo, lapikiwa miaka kadhaa salama salimini, kisha usiku mmoja moto watoka ndani ya ukuta. Kesho yake lawama zote zaenda kwa stima.

Mteja wa kisasa naye ana mtindo wake. Ukuta wa kugawa chumba ni gipsamu juu ya fremu ya mbao. Abandika vigae vya kung'aa, jiko laegeshwa shubiri moja mbele yake, na yeye aona amejikinga. Kigae hakiungui, kweli. Lakini joto lapita kwenye kigae, laingia kwenye gundi, laingia kwenye karatasi ya gipsamu, lafika kwenye mbao. Kigae kilichobandikwa hivyo ni urembo tu, kisihesabiwe kinga.

Sasa vipimo. Marekani wana kanuni ya dohani na majiko ya kuni, iitwayo NFPA 211. Jiko lililopimwa kwenye maabara lina kibao chake kinachosema umbali, nawe fuata kibao. Jiko lisilo na kibao, na hapo yaingia karibu yote yanayochomelewa jua kali, liwe inchi 36 kutoka kwa chochote kinachoungua, kila upande. Najua mnaguna. Jikoni nyingi za hapa mkiweka inchi 36 kila upande, mpishi atasimama wapi?

Ndipo yaja kinga. Chukua bati la geji 24, lisimamishe mbele ya ukuta likiacha pengo la inchi 1 nyuma yake, na pengo hilo liwe wazi chini na juu. Umbali washuka hadi inchi 12. Angalieni vizuri: inchi hizo 12 zapimwa kutoka jiko hadi kwenye mbao yenyewe, si hadi kwenye bati. Na kwa dari haishuki sana hivyo; ni 18. Bati la paa la geji 30 mnalolijua ni jembamba mno kwa kazi hii, maana namba ya geji ikipanda bati lapungua unene. Vishikilio viwe vya kitu kisichoungua, na visikae mkabala na jiko, la sivyo msumari wenyewe utalipeleka joto kwenye mbao.

Tofali laonyesha jambo hili vizuri zaidi. Ukuta wa tofali wa inchi 4 hivi, ukigandana na ukuta wa mbao nyuma yake, washusha umbali kutoka inchi 36 hadi 24 tu. Ukiuacha na pengo la inchi 1 lenye hewa, washuka hadi 12. Tofali ni lile lile. Hewa ndiyo iliyofanya kazi: yapata moto, yapanda, yatokea juu, na hewa baridi yaingia chini. Basi fundi wa plasta akija akaziba lile pengo ili paonekane pasafi, ameua kinga yote. Mteja atakwambia pengo laweka mende. Mwekee wavu wa chuma, lakini usizibe.

Njooni Mji wa Kale. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene, nyingine zafika inchi 18 na kuzidi. Jiwe hilo tunalijua, tukilichoma kwenye tanuu kwa takriban nyuzi 900 latupa chokaa, na jiko la mapishi halipeleki ukuta huko. Kwa hivyo ukuta wa mawe matupu haukutishi. Kinachotisha ni boriti. Zile fito za mikoko zinazobeba sakafu ya juu, ncha zake zimezikwa ndani ya ukuta. Mwashi atoboa tundu la bomba la moshi kwenye jiwe, afurahi kuwa ni jiwe, kumbe boriti iko kiganja kimoja tu pembeni. Bomba la moshi la bati la tabaka moja lataka inchi 18 kutoka kwa mbao yoyote. Kabla ya kutoboa, ingia chumbani uzihesabu boriti zimepangwa vipi, panda juu, gonga. Angalia pia mabomba ya plastiki ya nyaya yaliyochimbiwa ukutani miaka ya karibuni.

Wachongaji sasa. Kwa meko la kujengwa, mbao isikaribie tundu la moto chini ya inchi 6. Kati ya inchi 6 na 12, kila inchi moja ya umbali yakuruhusu nakshi kutokeza thumni ya inchi. Ua la nakshi yako liko inchi 8 juu ya tundu? Lisitokeze zaidi ya inchi 1. Na mwenye nyumba akisema ataingiza jiko la chuma ndani ya meko hilo, likachomoza mbele, hesabu hiyo imekufa. Rudi kwenye kibao cha jiko.

Dohani kwa kifupi: ipite paa kwa futi 3, na ishinde kwa futi 2 chochote kilicho ndani ya futi 10. Kusi ikivuma na ghorofa ya jirani iko karibu, dohani fupi yarudisha moshi ndani pamoja na kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Na bati lililopakwa zinki lisikae karibu na moto. Zinki yayeyuka kwa nyuzi 420.

Maswali. Ndiyo, kaka.

Jiko chini ya paa la makuti? Hapana. Wavu kwenye kofia ya dohani wapunguza cheche, hauzimalizi, tena wazibwa na masizi. Jiko litengewe banda lake la zege au bati, mbali na makuti.

Mama pale nyuma asema kibanda chake ni bati tupu, bati haliungui. Sawa, mama. Lakini bati limepigiliwa kwenye nini? Na upande wa pili jirani ameegemeza nini? Kama ni godoro, joto halitauliza ni la nani. Ongeza bati la pili lenye pengo. Na sakafuni, inchi 18 mbele ya mdomo wa jiko pasiwe na kitu cha kuungua. Majivu yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje. Kaa laweza kuwa hai siku kadhaa.

La mwisho: mvinje mbichi? Usiutie. Kuni ziwe na maji chini ya asilimia 20, yaani zimepasuliwa na kuanikwa miezi. Mbichi yatoa moshi mzito unaoganda ndani ya dohani kama lami, na lami hiyo ikishika, dohani yaweza kupita nyuzi 1,000. Chungulia kila mwezi kwa tochi. Lami ikifika unene wa milimita 3, panda ufagie.