Kuunda objekti kwa Kotlin: mkuku kwanza, tanga baadaye

Assalaam aleikum watazamaji, karibuni. Niko Lamu, barazani kwetu, na leo tunaunda jahazi kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Lugha hii ina jina la kisiwa, Kotlin ya Urusi, karibu na St. Petersburg, kwa hiyo sisi watu wa visiwani tusione ugeni.

Fungua faili mpya. Andika class Jahazi (klasi ni ramani ya kuundia objekti), fungua mabano, weka val jina: String, koma, kisha tani: Int. Funga mabano. Hiyo ndiyo konstrakta kuu, sehemu inayopokea thamani za kuundia objekti. Tazama vizuri: jina lina val, tani haina. Jina litakaa na objekti siku zote. Tani ni kama gadi zinazoegemeza chombo kikiwa pwani: kikishashuliwa, zinabaki nyuma. Ukiitaja tani ndani ya funksheni ya klasi, kompaila, programu inayotafsiri msimbo wetu, haiijui.

Sasa mwili wa klasi. Mstari wa kwanza: val shehena = tani * 1000, ili tupate kilo. Chini yake fungua init, kipande kinachoendeshwa objekti inapoundwa, na ndani uchapishe shehena kwa println. Nenda kwenye main, pale programu inapoanzia, uunde Jahazi "Subira" lenye tani 12, ulitie kwenye val chombo. Neno new la Java hapa halipo. Endesha. Umeona? 12000.

Hapa naomba tutulie kidogo. Kotlin huendesha mistari hiyo kutoka juu kwenda chini, kwa mpangilio ulioiandika. Fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi hapa Lamu, hulaza mkuku, ndipo asimamishe mataruma. Jaribu kuipandisha init juu ya shehena: kompaila inakataa papo hapo. Vizuri, imetuokoa.

Lakini fanya hivi. Ile println itie kwenye funksheni, uiite onyesha, kisha ndani ya init uite onyesha. Init iache hukohuko juu. Endesha.

0.

Hakuna mstari mwekundu, hakuna onyo. Objekti imeshapata nafasi kwenye kumbukumbu, ila shehena haijajazwa, na Int isiyojazwa husomeka sifuri. Ingekuwa String ungesoma null, yaani hakuna kitu, hata kama aina yake haikubali null! Sifuri hii ilinikesha usiku mzima, natafuta kosa kwenye hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi.

Urithi nao una mtego uleule. Jahazi likirithi klasi Chombo, Chombo ndiyo huundwa kwanza. Basi init ya Chombo ikiita funksheni ya open (inayoruhusiwa kuandikwa upya) ambayo Jahazi imeiandika upya, itasoma thamani za Jahazi kabla hazijatiwa. Ni jahazi kushuliwa kabla ya kukalafatiwa. Mimi siiti funksheni ya open ndani ya init, hata mara moja.

Haya, turekebishe. Shehena juu, init uifute, na kwenye main, objekti ikishakamilika, andika chombo.onyesha na mabano yake. Endesha tena: 12000.