Mlipeni mtu, fulana baadaye

Haya, nimepewa nusu saa na mwenyekiti ameshaangalia saa yake, kwa hiyo salamu nazikata. Wengi wenu mmeshanisikia nikiongea haya haya na mtanisikia tena, maana fomu za wafadhili ni zile zile na mimi sijachoka.

Twende kwenye bajeti. Chukua fomu za ruzuku za klabu za hesabu, hizi za Jumamosi na kambi za likizo kwa watoto wa madarasa ya juu ya msingi na sekondari, afu ruka maneno matamu yote ya mwanzoni usome pale penye gharama zisizoruhusiwa. Mara ngapi utakuta posho ya mwalimu imo humo, nauli ya wanafunzi imo, chakula kimo? Zinazoruhusiwa ni vifaa, uchapishaji, bango. Yaani nikitaka fulana hamsini zenye nembo ya mfadhili napewa bila shida, ila yule atakayekaa na watoto Jumamosi nzima nimwambie ajitolee. Jamani!

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, si hesabu ni karatasi na kalamu tu, hela ya nini? Nashukuru kwa kuuliza, na mwenyekiti anisamehe, hili nalijibu kwa kirefu.

Chukua ubao wa chesi, miraba 64. Kata miraba miwili ya pembeni inayotazamana kwa mshazari, juu kushoto na chini kulia, imebaki 62. Sasa una kete 31 za dhumna na kila kete inafunika miraba miwili iliyopakana. Je, zinaweza kuufunika ubao wote? Wapeni watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, afu kaeni pembeni. Mwanzo kila mtu anachora tu. Lazima atokee mmoja wa kupiga kelele "nimepata!", mwenzake anahesabu, kete mbili zimelaliana, kicheko, wanaanza upya. Baadaye mmoja anachoka anasema haiwezekani. Hapo ndipo kazi ilipo. Mwalimu asiyezoea anafurahi, anaruka na chaki, anasema safi sana, sababu ni rangi za miraba, andikeni. Ameua kila kitu kwa sentensi moja. Aliyezoea anauliza tu: haiwezekani, au wewe ndo hujaweza? Afu ananyamaza. Na kunyamaza mbele ya watoto thelathini wanaokutolea macho ni kazi, asikwambie mtu.

Kuna binti mmoja namkumbuka, alikuwa ameacha kabisa kupanga kete, anapaka miraba kwa penseli, mmoja mweusi mmoja mweupe, nadhani amechoka tu anajipitishia muda. Ghafla penseli ikasimama. Akaangalia pembe zile mbili zilizokatwa. Zote nyeupe. Akahesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu, nyeupe 30 nyeusi 32, na kila kete ikilala inakula nyeupe moja na nyeusi moja, haina ujanja. Hakuniita mimi. Alimgeukia jirani yake akamwambia "acha, hata ukae mpaka kesho." Basi. Hiyo ni hoja kamili ya hisabati, imetoka kwa mtoto, hakuna aliyemtafunia.

Bado hatujamaliza, maana jirani naye hakukubali kushindwa, akauliza: je tukikata mmoja mweupe na mmoja mweusi, popote pale? Sasa wewe unayesema yeyote anaweza kusimamia klabu, mjibu. Jibu ni kwamba inawezekana siku zote, na sababu yake ni nzuri kuliko hata ile ya kwanza: unachora njia moja inayozunguka ubao mzima na kurudi ilikoanzia, ukitoa miraba miwili ya rangi tofauti, vipande vya njia vinavyobaki vina idadi shufwa ya miraba, kete zinalala kwa mstari mpaka mwisho. Lakini uijue kabla ya Jumamosi, na hata ukiijua usiiseme. Mtu wa hivyo anajiandaa, ana familia, ana kodi ya nyumba. Karatasi ndo rahisi, huyo mtu ndo gharama.

Mkaguzi wa mfadhili mmoja, simtaji, aliingia kwenye kikao kama hicho, akazunguka, akauliza tableti ziko wapi. Halafu akataka kujua alama zao darasani zimepanda asilimia ngapi. Nusu ya wale watoto walikuwa wanapata tisini na kitu tayari, zipande ziende wapi?

Mtasema tuanze na wanaofeli. Sawa, wafadhiliwe, nani kakataa? Ila msidhani klabu ni ya vipanga peke yao, mtoto aliyechoshwa na kunakili kanuni ubaoni naye anafeli, na wengine nimewaona wakiamkia kwenye ubao huo huo wa chesi. Na mnaosema video za intaneti zinatosha, mimi mwenyewe naziangalia, lakini video haiwezi kukuuliza "au wewe ndo hujaweza?"

Kitu kingine kinachonikera kwenye fomu ni kile kisanduku cha "ubunifu". Mwaka huu una jipya gani? Arnold Ross, mwanahisabati wa Marekani, alianzisha programu yake ya hesabu ya kiangazi kwa vijana pale Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1957, akaihamishia Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1964, akaiendesha mpaka uzeeni, na kila mwaka wanaoingia walianza na nadharia ya namba. Ile ile! Kwenye kile kisanduku angeandika nini, mzee wa watu? Jipya ni watoto, kila mwaka wapya.

Na mradi wa mwaka mmoja ni ugonjwa. Miaka ya 1990 Marekani, NSF, shirika la serikali linalofadhili sayansi, lilipofunga programu yake ya Young Scholars iliyokuwa inafadhili kambi za vijana, kambi nyingi za hesabu za vijana zilipoteza mhimili. AMS, chama cha wanahisabati cha huko huko, mwaka 1999 kikaanzisha mfuko wa Epsilon Fund kwa ajili ya kambi hizo, na kikatafuta michango ya kujenga mtaji unaokaa, kinachotumika kiwe kile unachozaa. Hela yenyewe sio ya kutisha. Utamu ni kwamba mwakani ipo.

Naambiwa dakika tano. La nani anaingia nilitaka nilikalie, nalipitia tu: ukitangaza nafasi kwa mtihani na ada, utapata watoto wa wenye nazo, mwisho. Programu ya hesabu ya BEAM ya New York, iliyoanza 2011, inawafuata watoto wa familia za kipato kidogo wakiwa bado wadogo na hawalipi. Nauli na chakula ziwe kwenye bajeti, msizifiche chini ya "mengineyo". La mashindano naliacha, tutagombana.

Mnaoandika maandiko ya miradi: mstari wa kwanza wa bajeti uwe muda wa mwalimu, kwa saa, pamoja na saa za kujiandaa. Wakiukata, waulizeni kwa maandishi wanadhani nani atafundisha. Na tafuteni mtu wa chuo kikuu afanye kazi na mwalimu wa shule, ruzuku za Dolciani za MAA, chama kingine cha hesabu cha Marekani, zilijengwa hivyo hivyo na inasaidia, mmoja anaijua hesabu, mwingine anawajua watoto. Mnaotoa hela: miaka mitatu, ripoti ya kurasa mbili, na siku moja mje mkae muanze kupanga kete na watoto, bila kamera.

Maswali. Dada wa nyuma kule umeinua mkono tangu nilipotaja fulana, nadhani ofisi yenu ndo inazichapisha, karibu.