Rangi Nyekundu ya Kolo: Maneno kwa Wapiga Picha Vijana wa Dodoma

Habari za jioni. Nimeulizwa nani alinifundisha kuangalia, na najua baadhi yenu mnasubiri jina la bingwa wa Ulaya. Mwalimu wangu simjui jina. Alichora mwambani kule Kolo, Kondoa, kwa udongo mwekundu, wala hakuweka sahihi.

Wengi wenu Kolo mnaipita ndani ya basi mkienda Babati. Siku moja shukeni. Tangu 2006 michoro ile imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, lakini hilo kibao kitawaambia. Nyinyi pandeni mlimani. Mtakuta watu warefu, wembamba kama fito, vichwa vikubwa visivyo na macho wala mdomo. Chini ya miguu yao hakuna ardhi, nyuma yao hakuna mbingu. Mnyama kachorwa juu ya mtu, na kwingine wakulima waliokuja baadaye wakapaka michoro yao myeupe, minene, ya kidole. Hakuna aliyefuta ya mwenzake.

Mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili michoro hiyo. Kamera zilikuwepo zamani, ila yeye alitandika karatasi angavu juu ya mwamba akafuatisha mstari kwa mstari. Namwelewa. Pale michoro ilipopandana, kamera inabeba vurugu yote kama ilivyo. Mkono ndio unaolazimika kuamua mguu huu ni wa nani.

Sisi tunabonyeza, tunaondoka. Wengine humwagia mwamba maji ili rangi iwake, jambo linaloniudhi kweli, maana maji yanavuta chumvi za jiwe na kuufunika mchoro.

Basi nami nikaanza kubeba penseli. Sokoni Majengo, jua la saa saba, mama anauza zabibu: mwavuli, bodaboda, turubai la bluu, kila kitu kinagombania picha. Nikakaa nikamchora kwanza, kwa ruhusa yake. Karatasini vilibaki viganja viwili na sahani ya mizani, kishada kimening'inia ukingoni. Ndipo nikatoa kamera, nikasogea hadi viganja vikajaa. Uso wake nikauacha, ingawa alikuwa na tabasamu zuri sana, na mwenyewe alinilalamikia.

Maswali tutayajibu kesho asubuhi hapohapo Majengo. Njooni na penseli. Atakayetoa simu kabla ya kuchora atatununulia wote zabibu.