Erik Satie na Nota Zisizo na Pa Kujificha

Habari za jioni, ndugu zangu.

Naomba tuanze na vipimo viwili tu vya muziki, yaani vikundi viwili vya mapigo matatu matatu, kabla ya kumtaja mtu. Pigo la kwanza, mkono wa kushoto unagonga nota ya G ya chini kwenye piano. Pigo la pili, mkono uleule unaruka juu, zaidi ya oktavi moja (umbali wa nota nane), na kushika kwa pamoja B, D na F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu toni. Pigo la tatu hakigongwi kitu, sauti inaendelea tu. Kipimo cha pili besi, ile nota ya chini, inashuka hadi D, na juu yake A, C shapu na F shapu. Kisha tunarudi G. Huo ndio mwanzo wa Gymnopédie ya kwanza, kipande cha piano cha mtunzi Mfaransa Erik Satie, cha mwaka 1888.

Sikilizeni ile F shapu juu ya G. Kwa kanuni walizofundishwa wanafunzi wa wakati ule, nota ya saba kama hiyo (ya saba ukihesabu kutoka G) haina makazi: ikiingia, lazima itafutiwe nota ya kutulia. Satie anaiacha ikae pale pale. Akodi ya pili, yaani nota zile zinazolia pamoja katika kipimo cha pili, nayo ina saba yake, C shapu juu ya D. Hakuna akodi inayoivuta nyenzake, kwa hiyo muziki hausafiri, unayumba taratibu kama dau lililotia nanga.

Aliyeandika haya alizaliwa Honfleur, mji wa bandari huko Normandy, tarehe 17 Mei 1866. Alipelekwa Konsavatwari ya Paris, chuo cha muziki, mwaka 1879, na walimu wake wakamwona mvivu. Baadaye alipiga piano katika klabu ya Chat Noir, mtaa wa Montmartre, na kuanzia 1898 hadi alipofariki tarehe 1 Julai 1925 aliishi Arcueil, nje ya Paris, katika chumba ambacho hakumkaribisha mtu.

Turudi kwenye vibao vya piano, maana humo ndimo Satie anamojulikana. Juu ya Gymnopédie hiyo ya kwanza ameandika kwa Kifaransa: polepole na kwa uchungu. Kasi kwa tarakimu hakuweka. Kwa mkono wa kawaida, mapigo 72 kwa dakika yanafaa. Kipande kina vipimo 78, kila kimoja mapigo 3, jumla mapigo 234, yaani dakika tatu na robo. Ukishuka hadi 50, sauti ya nota ndefu inafifia mno kabla nota inayofuata haijafika, na wimbo unaweza kukatika vipande vipande.

Kosa la kwanza ni la mguu. Anayeanza huachia pedali, ile ya kushikilia sauti, pale mkono unapoondoka kwenye besi. Papo hapo besi inapotea, na akodi inabaki inaning'inia hewani. Mwingine haachii kabisa, G na D zinachanganyika chini na kila kitu kinakuwa tope. Fanya hivi: gonga besi, na wakati uleule inapolia nyanyua mguu, kisha ukanyage tena kabla kidole hakijaondoka. Badilisha mara moja tu kwa kipimo, katika pigo la kwanza. Pigo la pili mguu usiguse kitu. Mazoezi ya siku ya kwanza yawe mkono wa kushoto na mguu peke yake, besi kwa kidole cha mwisho, akodi kwa vidole vya 4, 2 na 1, mpaka kuruka kule kusisikike.

Kosa la pili ni la hila zaidi. Wimbo unaingia kipimo cha 5, katika pigo la pili: F shapu, A, kisha G, F shapu, C shapu, B, C shapu, D, unatua A, halafu unashuka hadi F shapu ya chini inayoshikwa vipimo 4. Hesabuni: mapigo 12, kwa kasi yetu ni sekunde 10. Sasa tazameni kidole gumba cha kushoto. Akodi yake inataka F shapu hiyohiyo! Ukiigonga kwa nguvu, msikilizaji atadhani wimbo umeanza upya. Basi mkono wa kulia uitoe nota hiyo kwa uzito tangu mwanzo ili iishi, na gumba la kushoto liiguse kwa upole kabisa, B na D zikibeba akodi.

Mtunzi Claude Debussy, rafiki yake Satie, aliipangia okestra Gymnopédie ya kwanza na ya tatu, zikapigwa Paris mwaka 1897, naye akabadilisha namba zake: ya kwanza ikawa ya tatu, na ya tatu ikawa ya kwanza. Ni kazi nzuri. Lakini fidla huweza kuivuta nota kadiri mpigaji apendavyo, ilhali piano haiwezi, na kule kufifia kwa F shapu ni sehemu ya utunzi wenyewe. Mimi nabaki na piano.

Katika Gnossienne tatu za kwanza, vipande vyake vingine vya piano, Satie alivuka mpaka mwingine: akaondoa mistari inayotenganisha vipimo. Mwanafunzi hupotea hapo. Katika ile ya kwanza, shikilia besi: inarudi kila baada ya mapigo 4, nayo ndiyo mstari usioandikwa. Nota ndogo za pambo zipite upesi na kwa wepesi. Zikilemewa, wimbo unakwama.

Wapo wanaosema aliandika hivyo kwa kutojua. Hapana, jamani. Mwaka 1905, akikaribia miaka 40, alijiandikisha Schola Cantorum, shule ya muziki ya Paris, kusoma upya jinsi sauti nyingi zinavyotungwa pamoja, na mwaka 1908 akapewa stashahada. Kisha akaendelea kuandika kwa nota chache.

Tumalizie pale Gymnopédie inapoishia. Nusu ya kwanza, vipimo 39, inatua kwenye D meja, akodi ya D yenye F shapu. Nusu ya pili inaurudia wimbo karibu wote, na mwishoni F shapu inakuwa F ya kawaida, tunatua D maina, akodi ya D yenye sauti ya huzuni zaidi. Usipunguze kasi kuitangaza, wala usiigonge zaidi. Hesabu mapigo matatu ya akodi ya mwisho, kisha inua vidole na mguu kwa pamoja.