Binadamu Ameumbwa Ale Nini? Mhadhara wa Iringa

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Poleni na baridi, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie ubishi ambao vijana wamekuwa nao: mwili wa binadamu umeumbwa kula nyama au mimea? Wapo wanaosema tuna chonge, basi sisi ni wala nyama. Wapo wanaosema hatuna makucha, basi nyama si chakula chetu. Nafurahi kwamba wote wanauangalia mwili. Tatizo ni kwamba kila mmoja anaangalia kiungo anachokipenda.

Tuanze na hizo chonge. Aliyewahi kumwona kiboko wa Mto Ruaha akipiga miayo anajua chonge ni kitu gani. Na kiboko huyo, giza likiingia, anatoka majini kwenda kula majani. Nyani dume naye ana chonge za kutisha, lakini sehemu kubwa ya chakula chake ni matunda, mbegu na mizizi. Meno yale ni ya kupigania nafasi na majike. Kwa hiyo chonge tuziache, hazitupi jibu.

Magego ndiyo yanayosema ukweli. Ya simba yana makali na yanapishana, na taya lake haliendi kushoto na kulia. Anakata minofu na kumeza. Yetu yana vilele butu, na taya letu linasaga. Kisha kuna mate. Leo usiku chukua tonge la ugali bila mboga, litafune polepole, usilimeze upesi. Baada ya muda utasikia utamu. Hapo mate yako yameanza kuvunja wanga kuwa sukari, kazi ambayo mate ya simba hayaiwezi. Sokwe anabeba nakala mbili tu za jeni linalotengeneza kimeng'enya, ile kemikali ya mate inayovunja wanga, sisi wengi wetu tunabeba zaidi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao kila mtu huwaita wawindaji, ni miongoni mwa watu waliopimwa wakakutwa na nakala nyingi, maana hawaishi kwa mshale peke yake. Wanachimba mizizi.

Basi sisi ni wala majani? Hapana. Mnaokunywa supu ya utumbo asubuhi mnaijua ile sehemu yenye kurasa kurasa, tunayoiita kitabu. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na ndani yake bakteria wanavunja nyuzi za majani kwa saa nyingi huku yeye akicheua. Sisi tuna mfuko mmoja wenye asidi kali sana, na kongosho linalomwaga vimeng'enya vya kuvunja protini na mafuta. Utumbo wetu mwembamba una urefu wa kama mita 6, mpana mita 1.5 hivi. Kwa sokwe na gorila, utumbo mpana ndio unaochukua nafasi kubwa, maana humo ndimo majani na maganda yanakochachushwa. Kwetu ni kinyume chake. Utumbo wa namna hii unadai chakula kisicho na makapi mengi, chenye nguvu nyingi ndani ya kiasi kidogo.

Kiungo kinachosahaulika katika ubishi huu ni mkono. Isimila haiko mbali na hapa, kama kilomita 20 kutoka mjini. Nendeni mkayaone yale mashoka ya mawe, ya zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Lishike moja mkononi, litazame ukingo wake, utaelewa kwa nini hatukuhitaji meno ya simba. Jiwe lilikata, kisha moto ukalainisha nyama na mizizi kabla havijafika mdomoni. Mwili wetu ni wa chakula mchanganyiko kilichokatwa, kilichotwangwa na kilichopikwa. Huo ndio msimamo wangu, na ninausema hapa Iringa kwa sababu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni kama 30 katika kila 100 nchini. Mkoani kwetu walizidi nusu. Njombe nako walikuwa kama nusu. Haya ni maeneo ya mahindi, viazi, maharage na parachichi! Njaa ya kukosa chakula siyo maelezo yanayotosha. Maradhi yamo, kazi nyingi za mama zimo, na tumbo la mtoto nalo limo. Mtoto wa miezi minane, tumbo lake linabeba kama robo lita. Ukilijaza uji mwepesi wa sembe, umelijaza maji. Anashiba, analala, na damu yake haina chuma cha kutosha.

Wanaojizuia nyama kwa imani siwapingi. Maharage, karanga na mboga za majani vinawafikisha mbali, na wakiongeza mayai na maziwa wako salama. Asiyegusa chochote cha mnyama lazima atafute vitamini B12 kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Ng'ombe anaipata kwa bakteria wa tumbo lake. Sisi njia hiyo hatuna. Na wapenzi wa kiti moto, yaani nyama ya nguruwe, hasa Mbozi na Mbeya, ipikeni iive kabisa. Tegu wa nguruwe, mnyoo anayetuingia kwa nyama isiyoiva, anakomaa ndani ya utumbo wa binadamu tu.

Mama pale ameuliza: mwanawe ana meno mawili tu, nyama ataitafunaje? Mama, mwenye meno ni wewe, na meno yenyewe ni kinu. Twanga dagaa wakavu waliosafishwa mpaka wawe unga, tia kijiko kwenye uji mzito. Karanga zilizosagwa vizuri, vivyo hivyo. Ini la kuku lichemshe, liponde pamoja na kiazi. Yai ukilipata, lipike liive na umpe yeye kabla ya baba yake.