Hadithi ya mtoto isomwe kwanza, ndio isahihishwe
(Mhadhara kwa walimu wa Kiswahili, Moshi)

Walimu wenzangu habari za asubuhi, na wakubwa zangu shikamooni. Najua wengine mmetoka Rombo na Siha na Jumamosi ni siku ya shamba na soko, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nimeombwa niongelee kusahihisha insha za kisanaa za watoto wa darasa la sita mpaka kidato cha pili, yaani zile hadithi wanazotunga wenyewe.

Zikija hadithi 70 mezani mnajua inavyokuwa, mkono unakimbilia kinachoonekana haraka. Zarau badala ya dharau, selasini badala ya thelathini, herufi kubwa kasahau, unazungushia tu na kalamu nyekundu, mwisho unaandika 9/20 "ongeza bidii" unachukua daftari lingine. Sasa hapo umepima nini? Umepima tahajia, hadithi hujaigusa. Na sisemi tahajia isipimwe, huku kwetu th na dh zinawasumbua watoto wengi sababu ya lugha ya nyumbani na ni kazi yetu kuzifundisha, ila zipewe fungu lao, kwa maoni yangu lisizidi robo ya maksi zote.

Ngoja niwape mifano miwili, nimeitunga mwenyewe ili nisimuanike mtoto wa mtu. Wa kwanza anaandika habari za ugomvi wa maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, kule juu Kibosho: "Baba alirudi usiku jembe lake kavu. Mama akumuuliza kitu, akachukua taa akaenda kuesabu migomba." Wa pili anaanza na hapo zamani za kale, ana utangulizi, ana kiini, ana hitimisho, ana methali sita, hana kosa hata moja la herufi, na mwisho anatuambia umoja ni nguvu. Tuwe wakweli, wengi wetu yule wa pili anaondoka na 16 na yule wa kwanza anapata 9, kwa sababu mwongozo tunaotumia tumeuchukua kwenye insha ya hoja tukauleta kwenye hadithi.

Rudini kwenye zile sentensi mbili. Jembe kavu. Hajasema baba alinyimwa maji, katuachia tuelewe wenyewe. Mama haongei, ila anahesabu migomba, na hapo tunajua hii familia inaogopa nini. Mtoto wa miaka 12 kafanya maamuzi matatu ya mwandishi ndani ya sentensi mbili, na sisi tumeona h mbili zilizopotea! Hili linaniuma kweli. Kwa hiyo mimi ninachotafuta kwenye hadithi ni maamuzi: kaamua kuanzia wapi, kampa nani nafasi ya kuongea na nani kamnyamazisha, kuna kitu gani amekiona yeye ambacho jirani yake wa dawati asingekiona, na mwisho umetokana na yaliyotokea au kapachika funzo kwa sababu anajua mwalimu anapenda funzo. Methali nazihesabu kama zinafanya kazi, zikiwa za kurembea tu siongezi kitu.

Mtu atasema hayo ni mambo ya ladha, kila mwalimu na yake. Ni kweli, na hata watu wazima waliobobea wanatofautiana. Mwaka 1961 kule Marekani Paul Diederich na wenzake waliwapa wasomaji 53 wa fani mbalimbali insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni wazipange kwenye madaraja tisa. Insha 101 zikapata madaraja yote tisa, yaani insha ileile kwa huyu ni ya juu kabisa kwa yule ni ya chini kabisa, na hakuna hata moja iliyopata chini ya madaraja matano tofauti. Walipochambua wakakuta kuna wanaotazama zaidi mawazo, wengine mpangilio, wengine makosa ya lugha, wengine uteuzi wa maneno, wengine ile ladha ya mwandishi mwenyewe. Dawa yake ni kukaa pamoja, walimu wawili mnachukua hadithi tano, kila mmoja anatoa maksi kivyake halafu mnabishana mpaka mkubaliane mnatafuta nini, ndio mnagawana rundo.

Na kama rundo ni kubwa, msianze na namba. Mwanasaikolojia L. L. Thurstone alionyesha tangu 1927 kwamba unaweza kupata kipimo kwa kulinganisha vitu viwili viwili, na shule kadhaa Uingereza zinapima uandishi kwa njia hiyo sasa. Shika madaftari mawili, uliza ipi ni hadithi bora, endelea hivyo, namba itakuja baadaye.

Kuhusu maoni tunayomwandikia mtoto kwenye daftari. Ruth Butler mwaka 1988 alifanya utafiti Israel kwa watoto wa rika hilihili akaona waliopewa maoni peke yake waliendelea kuvutiwa na kazi na kufanya vizuri zaidi, waliopewa maksi pamoja na maoni wakawa sawa na waliopewa maksi tupu. Mtoto akishaona namba hasomi tena ulichoandika. Basi maksi ziende kwa mwalimu wa taaluma, kwenye daftari andika mfano "Kwenye jembe kavu nilisimama nikarudia kusoma. Mama alikuwa anawaza nini alipohesabu migomba? Niandikie mistari mitano." Tahajia mrekebishe maneno matatu tu, yale anayoyarudia.

Kuna kikaratasi hapa mwalimu anauliza, nikihisi mtoto kanakili kwenye simu au kaandikiwa na kaka yake nifanyeje. Usimtuhumu mbele ya wenzake. Mwite, mpe karatasi na dakika kumi, mwambie aandike kilichotokea kesho yake asubuhi kwenye hadithi hiyohiyo. Aliyetunga anawajua watu wake, ataendelea. Asipoweza, hicho alichoandika kwa dakika kumi ndio kazi yake, kipime hicho, mfundishe kuanzia hapo.